Kumchagulia Chakula cha Kiwandani Mbwa Mwenye Mzio au Maradhi

Mbwa anapojikuna usiku kucha, au anapohara wiki baada ya wiki, wengi wetu hukimbilia kubadilisha chakula. Mfuko mmoja ukishindwa tunajaribu mwingine, halafu wa tatu wenye picha ya bata, halafu wa nne ulioandikwa "hauna nafaka". Miezi inapita, mbwa ameshaonja karibu kila nyama inayouzwa, bado anajikuna, na daktari anayetaka kumfanyia jaribio la maana hapati tena nyama ambayo mwili wa mbwa huyo haujawahi kukutana nayo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na ugonjwa wenyewe. Ukishajua unapambana na nini, uchaguzi wa mfuko unakuwa mwepesi zaidi.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo cha tatizo

Mbwa wengi wanaojikuna hawana mzio wa chakula. Wanaosumbua zaidi ni viroboto, na baada yao vitu vya mazingira kama vumbi la nyumbani, chavua na kuvu. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huwashwa kwa siku kadhaa kwa kuumwa mara chache tu, hata kama humwoni kiroboto mwenyewe kwenye manyoya. Kwa hiyo kabla ya kugusa chakula, mpe dawa ya viroboto aliyoshauri daktari wa mifugo, na wanyama wengine wa nyumbani wapewe pia.

Mzio wa chakula una dalili zake, ingawa hazitoshi kukata shauri. Mwasho huwa wa mwaka mzima, hauji na kuondoka kwa msimu. Hukaa masikioni, kwenye nyayo, kwapani, kwenye kinena na kuzunguka njia ya haja kubwa. Maambukizi ya masikio yanayopona na kurudi ni dalili ninayoipa uzito mkubwa, hasa yakiambatana na choo laini, gesi nyingi au mbwa kwenda haja mara nyingi kuliko ilivyokuwa. Mzio huu unaweza kuanza kabla mbwa hajatimiza mwaka 1, na unaweza kuanza uzeeni. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mara nyingi chakula kinachomdhuru ni kile alichokula kwa muda mrefu bila shida. Kinga ya mwili huanza kuishambulia protini baada ya kukutana nayo, kwa hiyo hoja ya kwamba "amekula hiki miaka mitano" haimwondolei chakula lawama.

Mzio pia hutofautiana na tumbo kushindwa kuvumilia kitu. Mbwa anayehara kwa sababu ya sukari ya maziwa, au kwa sababu chakula kina mafuta mengi kuliko anavyoweza kumeng'enya, hana mzio. Huyo husaidiwa na chakula chepesi tumboni, wala hahitaji jaribio refu nitakalolieleza hapa chini.

Vipi kuhusu vipimo vya damu, mate au manyoya vinavyodai kuonyesha mzio wa chakula? Usiviamini kukuchagulia mfuko. Vipimo hivyo vimekuwa vikitoa majibu ya mzio kwa mbwa wasio na tatizo lolote, na kukosa kuuona kwa wenye nao. Fedha hizo zina kazi bora kwa daktari wa mifugo: kukwangua ngozi kutafuta upele, kuchunguza uchafu wa masikio kama kuna fangasi au bakteria, kupima choo, na kwa mbwa aliyekwenda umri, kupima damu na mkojo.

Kabla ya kumwona daktari, andika kwa wiki 2 kila kinachoingia kinywani mwa mbwa. Andika chakula, vitafunwa, mfupa, makombo ya watoto, chakula cha paka alichoiba, kipande cha jibini kilichofichiwa kidonge, hata dawa ya meno yenye ladha ya nyama. Orodha hiyo itahitajika kila hatua inayofuata.

Ukitoka kwa daktari, toka na jina kamili la ugonjwa. Usikubali kuishia na "figo zinasumbua" au "ana mawe". Uliza ugonjwa wa figo uko hatua ya ngapi, mawe ni ya aina gani, mafuta ya kwenye damu yako kiasi gani. Chakula cha tiba huchaguliwa kwa majibu hayo. Na mbwa anayetapika mfululizo, anayetoa damu, aliyevimba tumbo ghafla au anayejikakamua bila kutoa mkojo, huyo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Habari ya chakula itasubiri.

Hatua ya 2: Geuza mfuko, usome nyuma

Mbele ya mfuko ni tangazo. Picha ya paja la nyama, neno "asilia", neno "daraja la juu", vyote hivyo havikuambii kama figo za mbwa wako zitakimudu. Nyuma ndiko kwenye habari.

Kitu cha kwanza kutafuta ni tamko kama chakula ni kamili au ni cha nyongeza. Chakula kamili kinatosha kuwa mlo wa kila siku, cha nyongeza hakitoshi. Marekani viwango vinavyofuatwa ni vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, Ulaya ni vya FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula hivyo, na tamko lazima litaje ni kwa umri gani: mtoto anayekua, mbwa mzima, au wote. Baadhi ya vyakula vya tiba huandikwa kuwa ni vya kutumika kwa muda au chini ya uangalizi wa daktari. Maneno hayo yana sababu. Kirutubisho fulani kimepunguzwa makusudi kwa ajili ya mgonjwa, na mbwa mzima wa afya, au mtoto anayekua, anaweza kuumia kwa upungufu huohuo.

Kisha orodha ya viambato. Hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, maji yakiwemo. Nyama mbichi ya kuku karibu robo tatu yake ni maji, kwa hiyo inaweza kuongoza orodha huku protini nyingi ikitoka kwenye unga wa nyama au nafaka zilizotajwa chini yake. Kwa mbwa mwenye mzio, soma orodha yote hadi neno la mwisho. "Mafuta ya wanyama" bila kutaja mnyama, "protini za wanyama", "mchuzi", "ini", "ladha asilia": kila kimoja kinaweza kuwa mlango wa kuku au ng'ombe kuingia. Kama mnyama hakutajwa kwa jina, kwa mbwa wa mzio mimi huuacha mfuko huo.

Jina la chakula nalo lina kanuni zake. Marekani, chakula kinachoitwa "chenye mwanakondoo" kinaruhusiwa kuwa na mwanakondoo asilimia 3 tu, na Ulaya asilimia 4. Kilichoandikwa "ladha ya mwanakondoo" kinaweza kuwa na kidogo zaidi ya hapo. Asilimia nyingine za nyama zinaweza kuwa za kuku. Kuna watu waliomlisha mbwa "samaki" mwaka mzima kumbe anakula kuku kila siku, na hawakuwa wazembe. Waliamini jina lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Mwishoni kuna jedwali la virutubisho, na hapa kuna mtego unaowaumiza hasa mbwa wenye ugonjwa wa kongosho, ambao hawatakiwi kula mafuta mengi. Asilimia za chakula kikavu na za chakula cha kopo hazilinganishwi moja kwa moja, kwa sababu kopo limejaa maji. Ondoa maji kwanza. Tuseme chakula kikavu kina mafuta asilimia 12 na maji asilimia 10. Kikavu chenyewe ni 90, kwa hiyo 12 gawanya kwa 90, unapata kama asilimia 13. Kopo lina mafuta asilimia 5 na maji asilimia 78. Kikavu chake ni 22 tu, na 5 gawanya kwa 22 ni karibu asilimia 23. Kopo lililoonekana jepesi ndilo lenye mafuta mengi zaidi. Fanya hesabu hii kila unapolinganisha aina mbili, kwa protini na mafuta, na hata kwa madini yakiandikwa.

Neno moja kuhusu "bila nafaka". Mzio wa ngano upo, lakini mbwa wengi wenye mzio wa chakula hudhurika kwa protini ya mnyama. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyokusanya mbwa 297, yaliwapa nafasi ya kwanza ng'ombe kwa asilimia 34, kisha maziwa asilimia 17, kuku asilimia 15, ngano asilimia 13 na kondoo asilimia 5. Zaidi ya hapo, Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka, wengi wao wakiwa wanakula vyakula vyenye njegere, dengu au viazi kwa wingi, mara nyingi vya aina ya "bila nafaka". Haijathibitishwa kwamba chakula ndicho kilichosababisha. Lakini kuondoa nafaka bila sababu ya kitabibu hakumsaidii mbwa, na mimi simshauri mtu kufanya hivyo.

Hatua ya 3: Fanya jaribio la mlo, kama mzio wa chakula unashukiwa

Njia pekee inayoaminika ya kujua kama chakula ndicho kinachomwasha mbwa ni kumlisha chakula ambacho hawezi kuwa na mzio nacho, na hicho tu, kwa muda wa kutosha, kisha kumrudishia cha zamani. Ni kazi ngumu. Najua watu wanaoipenda familia yao na mbwa wao kwa moyo wote ambao jaribio liliwashinda wiki ya tatu. Kwa hiyo jiandae kabla hujaanza, na uwaeleze wote mnaoishi pamoja kwa nini mnafanya hivi.

Chakula cha jaribio ni cha aina mbili. Cha kwanza ni chenye protini iliyovunjwavunjwa vipande vidogo sana hadi kinga ya mwili ishindwe kuitambua. Cha pili ni chenye protini mpya kwa mbwa huyo, yaani mnyama ambaye hajawahi kumla, kama sungura, swala, farasi au kangaruu. Hapa ndipo orodha uliyoandika inapofanya kazi. Mwanakondoo aliwahi kuhesabiwa mpya, lakini sasa yumo kwenye vyakula vingi mno. Kumbuka pia kwamba wanyama wa jamii moja wana protini zinazofanana. Mbwa anayeshukiwa kudhuriwa na kuku asijaribiwe kwa bata au bata mzinga, na wa ng'ombe asijaribiwe kwa mbuzi au kondoo, kama kuna njia nyingine.

Kati ya aina hizo mbili, kwa mbwa aliyekwisha kula vyakula vingi mimi naegemea kwenye protini iliyovunjwa, kwa sababu huhitaji kukisia aliwahi kula nini. Ila angalia imetoka kwa nani. Baadhi ya mbwa wenye mzio wa kuku bado hujikuna kwa chakula cha kuku kilichovunjwa nusunusu. Tafuta kilichovunjwa zaidi, au kinachotoka chanzo kingine kabisa, kama soya au samaki, mradi navyo havishukiwi.

Je, chakula cha dukani kilichoandikwa "viambato vichache" kinafaa kwa jaribio? Ningekiacha kwa sasa. Uchunguzi uliorudiwa mara kadhaa umekuta ndani ya vyakula vya namna hiyo protini za wanyama ambao lebo haikuwataja, kwa sababu mashine moja hutengeneza vyakula vingi. Chakula cha tiba kinachouzwa kupitia madaktari wa mifugo hutengenezwa kwa uangalifu mkubwa zaidi wa jambo hilo. Jaribio likiisha na adui akajulikana, unaweza kujaribu cha dukani kwa maisha ya kila siku, ukijua unatafuta nini.

Muda: kwa dalili za ngozi, angalau wiki 8. Katika wiki 5 wengi huwa wameanza kupata nafuu, lakini kuna wanaochelewa, na ukiacha wiki ya nne utamtoa mbwa kwenye orodha ya wenye mzio kimakosa. Kwa dalili za tumbo tu, wiki 2 hadi 4 hutosha kuona mwelekeo. Hesabu ianze siku ambayo mbwa anakula chakula kipya peke yake, usihesabu siku za kuchanganya. Maambukizi ya ngozi na masikio yatibiwe wakati huohuo, la sivyo ataendelea kujikuna kwa sababu ya bakteria na wewe utalaumu chakula. Akipewa dawa ya kutuliza mwasho mwanzoni, jaribio lazima liendelee angalau wiki 2 baada ya dawa kusimama, ili ujue nafuu imetoka wapi.

Katika wiki hizo, chochote kingine kinywani kinaharibu kazi. Vidonge vya kutafuna vya minyoo na viroboto vingi vimetiwa ladha ya ng'ombe, nguruwe au ini, kwa hiyo mwombe daktari visivyo na ladha au vya kupaka. Ganda la vidonge vya kapsuli mara nyingi ni jelatini ya ng'ombe au nguruwe. Dawa ya meno yenye ladha iwekwe kando. Bakuli la paka liinuliwe juu. Mbwa wengine wa nyumbani wale chakula hichohicho au walishwe chumba kingine, na mabakuli yaoshwe vizuri. Ukitaka kumzawadia, tenga sehemu ya punje zake za siku uzitumie kama vitafunwa. Kama chakula chake kina toleo la kopo, likate vipande vyembamba, uvioke mpaka vikauke, na utakuwa na zawadi tamu isiyovunja kanuni. Akila kitu kingine kwa bahati mbaya, usikate tamaa wala usifiche. Andika tarehe na kitu alichokula, mwambie daktari, endelea.

Dalili zikipungua, bado hujathibitisha. Rudisha chakula cha zamani na vitafunwa vyake. Mwenye mzio huanza kujikuna tena ndani ya saa chache hadi siku 14. Akianza, rudi kwenye chakula cha jaribio mpaka atulie, ndipo uongeze kiambato kimoja kimoja, kila kimoja kwa hadi wiki 2: kuku peke yake, kisha ng'ombe, kisha ngano. Wengi huruka sehemu hii kwa huruma, mbwa ametulia na hawataki kumwona akiteseka tena. Naielewa huruma hiyo, lakini naona inamgharimu mbwa. Huenda alitulia kwa sababu msimu wa chavua uliisha au viroboto walikufa, na sasa atafungwa maisha yake yote kwenye chakula kimoja cha bei ya juu bila sababu. Ukijua kwamba ni kuku tu, dunia nzima ya vyakula vingine inamfungukia.

Hatua ya 4: Kwa maradhi mengine, tafuta namba moja inayohusika

Kila ugonjwa una kirutubisho kimoja au viwili vinavyobeba uzito. Ukivijua hutababaishwa na mengine.

Kwa figo, cha kwanza ni fosforasi. Watu wengi hupunguza protini kwa haraka na kusahau hilo. Chakula cha tiba ya figo kina fosforasi kidogo, protini ya kiasi lakini bora, sodiamu iliyopunguzwa na mafuta ya samaki. Kwa kawaida huanza kushauriwa kuanzia hatua ya 2 ya ugonjwa katika mfumo wa hatua 4 unaoitwa IRIS. Katika utafiti wa mbwa 38 uliochapishwa mwaka 2002, waliolishwa chakula cha figo waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliolishwa chakula cha kawaida. Fosforasi mara nyingi haimo kwenye lebo, kwa hiyo mwandikie mtengenezaji umuulize ni miligramu ngapi kwa kila kilokalori 1000. Na usimwanzishie chakula kipya siku ambayo ana kichefuchefu au amelazwa. Ataunganisha chakula hicho na kuumwa, na huenda asikiguse tena hata akipona.

Kwa kongosho ni mafuta, na ndiyo sababu nilikazia ile hesabu ya maji. Mbwa wa aina ya Miniature Schnauzer wana tabia ya kuwa na mafuta mengi kwenye damu, kwa hiyo kwao jambo hili ni zito zaidi. Hapa pia kuna mgongano ambao lebo haitakuambia. Vyakula vingi vya figo vina mafuta mengi, kwa sababu nguvu iliyoondolewa pamoja na protini imerudishwa kwa mafuta. Mbwa mwenye figo mbovu na historia ya kongosho hapaswi kuchaguliwa mfuko na mwuza duka. Huyo anahitaji daktari, ikiwezekana mtaalamu wa lishe ya wanyama.

Mawe ya kibofu yanataka jina. Mawe ya struvite huweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu, na kwa mbwa kwa kawaida hutokana na maambukizi, kwa hiyo dawa ya bakteria lazima iandamane na chakula. Mawe ya kalsiamu oksaleti hayayeyuki kwa chakula chochote, huondolewa kwa upasuaji au njia nyingine, na chakula hutumika kuzuia mengine. Chakula kinachoufanya mkojo uwe na asidi ili kuzuia struvite kinaweza kuchochea oksaleti. Mbwa wa Dalmatian wana mawe yao ya yurati, yanayohitaji chakula chenye purini kidogo, yaani kemikali za kwenye chakula ambazo mwilini hugeuka kuwa yurati. Kwa aina zote maji ni dawa: chakula cha kopo, au punje zilizolowekwa.

Mwenye kisukari anahitaji ratiba kuliko mfuko wa ajabu. Chakula kilekile, kiasi kilekile, saa zilezile, kwa mpangilio wa sindano zake. Vyakula laini vya kutafuna vilivyotiwa sukari viepukwe. Asipokula, piga simu kwa daktari kabla ya kumchoma insulini. Moyo ukishindwa, punguza sodiamu kwa kiasi alichosema daktari, na vitafunwa vyenye chumvi ndivyo vya kuondoa kwanza. Ugonjwa wa ini haumaanishi protini ipunguzwe mara moja. Hufanyika hivyo pale sumu zinapofika kwenye ubongo na mbwa kuanza kuchanganyikiwa. Kwa mbwa wa aina ya Bedlington Terrier, Labrador na Doberman, uliza kuhusu madini ya shaba, ambayo huweza kurundikana kwenye ini lao.

Unene nao ni ugonjwa, na huo ndio ambao chakula kinautibu kwa uhakika zaidi. Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi. Ukipapasa mbavu za mbwa wako na usizisikie bila kukandamiza, anza hapo. Usipunguze tu chakula cha kawaida hadi nusu, kwa sababu utapunguza na vitamini. Chukua chakula cha kupunguza uzito, chenye protini na nyuzinyuzi nyingi kwa kalori chache.

Hesabu ya kiasi ni hii. Zidisha uzito kwa uzito kwa uzito, tafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo, halafu zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 10: elfu moja, 31.6, 5.62, na mwisho kama kilokalori 394 kwa siku. Hizo ni za mwili uliopumzika tu. Mbwa mzima aliyehasiwa huhitaji kama mara 1.6 ya hapo, yaani karibu 630, na anayepunguzwa uzito huanzia kwenye 394 kwa kutumia uzito anaotakiwa kuwa nao. Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya jumla.

Hatua ya 5: Muulize mtengenezaji

Kampuni inayotengeneza chakula cha wagonjwa iweze kujibu maswali. Nani aliyekiunda, na je, ana shahada ya juu ya lishe ya wanyama? Kinatengenezwa kwenye kiwanda chenu au cha wengine? Mnapima nini kabla na baada ya kutengeneza? Kina kalori ngapi kwa gramu 100? Kimelishwa mbwa halisi, au kimepigiwa hesabu tu kwenye karatasi? Majaribio ya kulisha ya AAFCO kwa mbwa wazima huchukua wiki 26 na mbwa wasiopungua 8. Si mengi, lakini ni zaidi ya hesabu tupu. Kampuni inayokwepa maswali haya kwa maneno matamu sitaipa mbwa mgonjwa. Mwaka 2007 gluteni ya ngano iliyochafuliwa kwa melamini, kemikali ya viwandani, iliingia kwenye vyakula vya chapa nyingi kwa pamoja huko Amerika Kaskazini na kuharibu figo za mbwa na paka. Swali la viambato vinatoka wapi na nani anavipima ni la haki kabisa.

Hatua ya 6: Badilisha taratibu, kisha fuatilia

Changanya kwa siku 7 hadi 10: robo mpya na robo tatu ya zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu mpya. Mwenye tumbo jepesi apewe wiki 2. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha chakula, sabuni ya kuogea na dawa wiki hiyohiyo, hutajua kipi kimesaidia.

Chagua siku moja ya juma uwe unaandika mwasho kwa alama 0 hadi 10, hali ya choo, na idadi ya mara alizotapika. Mpime uzito kila baada ya wiki 2. Piga picha ya masikio na nyayo mahali pamoja penye mwanga uleule. Kumbukumbu zetu hupotoka tunapotamani sana kuona nafuu, na daktari ataamua vizuri zaidi kwa picha kuliko kwa "naona kama afadhali". Kwa figo, mawe na kisukari, vipimo vya damu na mkojo virudiwe kama ulivyopangiwa, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Mbwa akikataa chakula cha tiba, kipashe moto kidogo, jaribu toleo la kopo, au uliza kampuni nyingine inayotengeneza cha ugonjwa huohuo. Usimwage mchuzi wa nyama juu ya chakula hicho bila kuuliza. Kwa mbwa wa mzio au kongosho unaweza kufuta kazi yote. Mgonjwa asikae zaidi ya siku 1 bila kula hata kidogo bila daktari kujua, na mtoto au mwenye kisukari hata muda huo ni mrefu.

Weka punje ndani ya mfuko wake wa asili, ufungwe vizuri, mahali pakavu, na zimalizike ndani ya wiki 6 hivi. Kila ununuapo mfuko mpya soma tena orodha ya viambato, maana watengenezaji hubadilisha mapishi bila kubadilisha picha ya mbele. Kata kipande chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho, ukihifadhi mpaka mfuko uishe. Mbwa akizorota ghafla baada ya kufungua mfuko mpya, acha kukitumia, hifadhi kiasi cha chakula hicho, na umpelekee daktari pamoja na namba hiyo.